Masale Niliyoyaita Kichaka

Aika mwanangu,

Umeshuka Majengo kuchukua sketi zako kwa fundi, na ninavyomfahamu fundi yule, aliyesema ziko tayari tangu Jumatano, hutarudi mapema. Kwa hiyo nina muda wa kuandika. Mama yako yuko jikoni na kila baada ya dakika chache anakuja mlangoni kunitajia kitu cha kukukumbusha: sweta, cheti cha chanjo, namba ya yule binamu yake anayekaa Nairobi. Hayo atakwambia yeye mwenyewe, na basi likifika mpakani atapiga simu akwambie tena. Mimi sitayagusa.

Nina jambo moja tu. Nimekaa nalo mwaka mmoja na miezi minne. Linahusu kazi niliyoifanya kule mjini, linamhusu mama yako mdogo Ndeshi, na linahusu hiyo kompyuta uliyoifungasha jana katikati ya kanga zako. Nilitaka kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu mara mbili na mara zote nikaishia kuzungumzia bei ya kahawa. Basi naandika, maana mkono wangu umezoea kuandika kuliko mdomo wangu ulivyozoea kusema.

Chama cha ushirika kilipopunguza makarani nilikuwa na miaka hamsini na minne. Nilikuwa nimepima kahawa ya watu tangu nikiwa kijana, naandika jina la mtu na kilo zake, halafu siku moja nikapewa barua na kurudi nyumbani. Unakumbuka nilivyokuwa miezi ile. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe ambayo yalikwisha kukatwa, nagombana na redio. Wewe ulikuwa umemaliza kidato cha sita, unasubiri chuo, na ndiwe uliyeona tangazo. Ulisema kampuni ya kigeni imefungua ofisi Moshi mjini, juu ya duka la mabati, na inatafuta watu wa kuchora mashamba kwenye picha zilizopigwa kutoka angani, ili akili mnemba ijifunze kuyatambua yenyewe. Nilikujibu kwamba hizo ni kazi za watoto. Ukaniambia watoto hawajui mti wa kahawa ukoje.

Wiki nzima ulinifundisha kutumia kipanya, hapa hapa kwenye meza hii. Siku ya kwanza nilikiinua hewani nikakielekeza kwenye kioo kama rimoti ya televisheni, na wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi nilinuna. Sikuwahi kukushukuru kwa wiki ile, na ilinirudishia uhai. Nakushukuru sasa.

Nilipanga chumba Majengo, nikawa napanda nyumbani Ijumaa jioni. Pale ofisini tulikuwa kama watu thelathini, kila mtu na kompyuta yake. Inakuja picha ya shamba. Unazungushia kila kitu mstari, kisha unakichagulia jina kwenye orodha: mgomba, kahawa, mti mkubwa, kichaka, nyumba, njia, mpaka. Picha ikikubaliwa unalipwa shilingi mia mbili. Ikikataliwa hulipwi, na alama zako zinashuka. Alama zikishuka sana unafungiwa siku mbili, unakaa nyumbani.

Kulikuwa na mwongozo, kijitabu kirefu cha kusoma kwenye kompyuta, kilichoandikwa na watu wa huko makao makuu. Mimi ni karani, nilikisoma chote. Kilisema mpaka ni ukuta, uzio, barabara au mto. Kilisema mstari wa mimea mifupi na myembamba ni kichaka.

Wewe umezaliwa katikati ya masale, huna haja ya kuelezwa. Lakini naandika ili uone nilikuwa najua nini siku ile nilipokaa mbele ya kompyuta. Babu yako alipogawa kihamba, shamba letu la ukoo, mimi na Elisante tulikuwa vijana. Alitushikisha kamba, mimi ncha ya huku na mdogo wangu ncha ya kule, naye akapita katikati akichomeka masale, mimea ya majani membamba ambayo kwetu ndiyo mpaka, mche mmoja kila hatua. Upande wa chini ukawa wangu. Upande wa juu, wenye nyumba ya wazee na baadaye makaburi yao, ukawa wa Elisante kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Hakukuwa na hati wala mpima ardhi. Tumeshawahi kununiana na Elisante miezi sita kwa sababu ya mbuzi, lakini hakuna aliyewahi kugusa mche mmoja wa masale yale. Alipofariki, mkewe Ndeshi akabaki upande wake, na masale yakabaki palepale.

Basi ilipokuja picha ya kwanza yenye masale, nikachagua mpaka. Ikakataliwa. Nikafikiri nimebonyeza vibaya, nikarudia kwenye ya pili. Ikakataliwa. Kwenye ya tatu nikaandika katika kisanduku cha maelezo: haya ni masale, kwa Wachagga huu ni mpaka. Jibu likaja kwa Kiingereza, kutoka kwa mtu ambaye mpaka leo sijui alikuwa nchi gani. Lilisema nifuate mwongozo. Nikafungiwa siku mbili, nikakaa chumbani Majengo nasikiliza cherehani za jirani na kuhesabu kodi ya mwezi. Siku ya tatu nikarudi, nikachagua kichaka. Ikakubaliwa.

Hapo ndipo nilipokosea, na tafadhali usinitafutie udhuru. Najua utasema, baba ungefanya nini, kazi ilikuwa hivyo. Ningeweza kuandika tena. Ningeweza kuwaambia wenzangu tuandike wote. Tulikuwa wanane wa kutoka mlimani mle ndani, na wote tulijua. Hatukuwahi hata kulizungumza wakati wa chai. Kila mtu alichagua kichaka kimyakimya.

Kisha nikapandishwa cheo. Unakumbuka tulichinja? Nilikuwa mkaguzi, maana nilikuwa mwangalifu kuliko wote, na kazi yangu ikawa kupitia picha za wengine. Akaja binti mmoja wa Chekereni, amekulia kwenye majaruba ya mpunga, hajui habari za masale. Siku moja akaniita nione picha yake. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mzee, kichaka gani hiki kimenyooka hivi?"

Nilimwambia aandike kichaka. Aliandika. Yeye ambaye hakuwa akijua alikuwa ameona, na mimi niliyejua nikamfundisha asione. Katika mambo yote ya ofisi ile, hilo ndilo linalonirudia ninapokuwa peke yangu shambani.

Ijumaa moja msimamizi wetu, kijana wa Dar mwenye heshima zake, akatukusanya. Akasema kampuni imepata wawekezaji wapya na sasa ina thamani ya kiasi fulani cha dola, akakiandika ubaoni. Sifuri zilikuwa nyingi, ilibidi niombe anisomee. Kulikuwa na keki, soda, na kila mtu fulana yenye jina la kampuni. Nikamuuliza wanapata faida kiasi gani kwa mwaka. Akasema faida bado haijaanza. Nikauliza sasa hiyo thamani inatoka wapi. Akacheka, akasema inatoka kwenye kile ambacho watu wanaamini kampuni itakuja kuwa. Sikumcheka. Kwenye kahawa nimeona watu wakiuza mavuno ambayo bado ni maua, tena wakanunua na bati kwa pesa hiyo.

Kilichonishtua ni karatasi aliyotuonyesha, ile waliyoonyeshwa wawekezaji. Ilisema kazi yetu ni sahihi karibu yote. Mimi nilijua usahihi ule unapimwaje, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yangu. Tulikuwa tunalinganisha picha na mwongozo. Hakuna mtu aliyewahi kupanda huku Mwika akasimama kwenye shamba la mtu akauliza. Pesa zile zote za ubaoni zilikuwa zimewekwa juu ya karatasi ile, na karatasi ile ilikuwa juu yangu. Nikala keki, vipande viwili, na fulana ndiyo hii ninayovaa kukamulia.

Mwaka uliofuata wakaja huku vijana wa mradi wa hewa ukaa, na vishikwambi mikononi. Ulikuwa chuo mwaka wa pili. Mradi unamlipa mkulima anayetunza miti mikubwa ya kivuli juu ya kahawa yake, na malipo yanakwenda kwa ukubwa wa shamba. Ramani walikuwa wameinunua kwa kampuni yetu. Ilikuwa imechorwa na mashine yenyewe, hakuna mkono wa mtu.

Ilikuwa Jumamosi. Mama yako alikuwa kwenye kwaya, Ndeshi ameshuka sokoni na ndizi. Kijana akanisogezea kishikwambi nione. Kihamba changu na cha mdogo wangu vilikuwa kipande kimoja. Banda langu la ng'ombe na makaburi ya wazazi wangu vilikuwa ndani ya mstari mmoja. Masale yalionekana wazi kwenye picha, kijani yamenyooka, na mashine ilikuwa imeyapaka rangi ya kichaka. Ilikuwa imejifunza vizuri sana.

Akaniuliza, "Mzee, eneo hili lote ni lako?"

Mfukoni nilikuwa na karatasi yako ya chuo. Mkopo wa serikali ulitoka nusu na tarehe ya kulipa ilikuwa imekaribia. Nikamjibu, "Ni la ukoo."

Kijana akaandika jina langu.

Nimelitafakari jibu lile kuliko maneno yote niliyowahi kusema. Halikuwa uongo. Kihamba ni cha ukoo, hata padri angenikubalia. Nililichagua kwa sababu lilikuwa na nafasi ya kunificha, na kijana wa watu hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Nadhani nilijifunza ofisini. Ukikaa muda mrefu mahali ambapo kazi yako ni kuchagua neno litakalokubaliwa, unakuja kuchagua hivyo hata ukiwa nyumbani kwako.

Malipo yaliingia kwenye simu yangu mara mbili, ya shamba langu na ya Ndeshi pamoja. Ya kwanza ikamalizia ada yako. Ya pili, nikiongeza na mshahara, ikanunua kompyuta yako. Mama yako aliuliza, nikamwambia ni marupurupu ya ofisi. Wewe ulinipigia simu ukilia kwa furaha, na mimi nilifurahi kweli, nisikudanganye. Niliweza kufurahi na kujua kwa wakati mmoja.

Kisha Ndeshi akaenda kwenye mkutano wa mradi kujiandikisha, maana miti yake ni mingi kuliko yangu. Alirudi akapitia hapa, kibuyu cha maziwa mkononi, akiwa bado anacheka.

"Shemeji, mashine inasema sina shamba."

Alikuja kwangu kwa sababu ndimi niliyefanya kazi na watu wa mashine. Akaniuliza inawezekanaje, mtu analala kwenye shamba lake, anakula humo, amemzika mume wake humo, halafu kioo kinasema hayupo. Nikamwambia nitaulizia. Siku tatu baadaye benki ikamnyima mkopo wa ng'ombe wa pili. Nao walikuwa wanatumia ramani ileile. Safari hiyo hakupita hapa na hakuwa anacheka. Alimwambia mama yako habari hiyo, kila mmoja akiwa upande wake wa masale, mimi nikiwa nyuma ya banda nasikia.

Nilikaa siku kumi na moja. Kila asubuhi alinisalimia kutoka upande wake na kila asubuhi nilimwitikia. Siku ya kumi na mbili nikachukua kisu nikakata jani la isale, kwenye mstari uleule niliouita kichaka, nikalifunga fundo, nikapanda kwake.

Alikuwa anakamua. Aliponiona na jani mkononi akasimama, akaweka ndoo pembeni. Hakuna anayekuja na isale kusalimia, na unajua kwamba mtu akiletewa jani lile hawezi kumfukuza aliyelileta kuomba msamaha kabla hajamsikiliza. Nilimweleza yote. Nilianza na kisanduku cha maelezo, nikamaliza na kompyuta. Sikupunguza kitu. Ng'ombe alikuwa anapiga mateke kwa sababu hajamaliziwa na sisi hatukumwangalia.

Kisha Ndeshi akasema, "Elisante angekupiga wewe."

Nikakubali. Angenipiga kweli, na mimi ndiye mkubwa.

Akalipokea jani, akaniambia mambo mawili. La kwanza lilikuwa hili: "Sasa kaiambie na mashine." La pili linakuhusu wewe, nitalifikia.

Nilifikiri la kwanza litakuwa rahisi. Nilikwenda kwa watu wa mradi wakasema wao wamenunua tu ramani, nizungumze na kampuni. Nikashuka Moshi, na hiyo ilikuwa miezi mitatu baada ya kandarasi zetu kuisha. Juu ya duka la mabati nikakuta magodoro. Mwenye duka akaniambia kampuni ilihama, imepata nchi ambayo watu wanachora kwa bei ndogo kuliko sisi. Sikujua kwamba sisi tulikuwa ghali. Nikaandika barua pepe. Ikajibiwa dakika ileile kwamba wananishukuru, maoni yangu ni ya thamani kubwa. Nikaandika tena na tena, na kila mara nikashukuriwa dakika ileile. Ni mashine inayojibu, Aika. Inawezekana ni ileile niliyoifundisha.

Pesa za Ndeshi nimemrudishia kidogo kidogo, za mbele nampa zikiingia tu, na mama yako sasa anajua kila kitu. Alikaa wiki mbili akinipakulia mtori bila kuniambia karibu. Lakini ramani haijabadilika. Watu wa mradi wameandika jina la Ndeshi kwa kalamu pembeni ya daftari lao, na benki haisomi daftari. Kwenye mashine bado hana shamba, na ramani ile imeshauzwa kwa wengine ambao hata siwajui.

Krismasi uliwasikia ndugu zako hapa uani. Mmoja kutoka Dar alikuwa anatuhimiza tununue hisa za kampuni hizi za akili mnemba kwa simu kabla treni haijaondoka, mwingine akisema yote ni povu, litapasuka na akiba za wazee wa watu zitapotea. Mjomba wako alisema mashine zitamaliza kazi zetu. Wewe ulisema ni fursa. Mkanigeukia mimi niliyekaa ndani ya biashara hiyo, nami nikasema nyama inaungua. Haikuwa inaungua. Ukweli ni kwamba sijui nani kati yenu yuko sahihi. Kwenye redio wanabishana watu wenye shahada tatu nao hawaelewani. Mimi niliona chumba kimoja tu. Sikuona mwizi mle ndani. Niliona watu wastaarabu, kila mmoja anamwamini aliye chini yake kwamba ameangalia, na chini kabisa nilikuwepo mimi, nimeangalia, nimeona, nimechagua neno linalolipa.

Sasa ndiyo uelewe siku ulipotusomea barua yako ya ajira. Mama yako alipiga vigelegele. Uliposoma kwamba kazi yako itakuwa kuandika miongozo ya wachoraji, nikaweka kikombe chini nikatoka nje, na ukaniuliza kama presha imepanda. Haikuwa presha. Mwanangu ndiye anakwenda kuandika kile kijitabu. Kisha ukatueleza kwamba sehemu ya malipo yako ni hisa za kampuni, ukachukua karatasi ukapiga hesabu zitakuwa na thamani gani ikiwa mambo yatakwenda vizuri, na niliona macho yako. Yalikuwa kama ya yule kijana pale ubaoni. Sikulaumu. Nami nilikula keki.

Nenda. Sikuandikii ili usiende. Nimejisifu juu yako kila mahali panapouzwa mbege kuanzia hapa hadi njia panda, na wiki ijayo nitajisifu tena. Hisa zikija kuwa nyumba, jenga. Zikiwa karatasi tupu, hapa kuna chumba chako na ndizi hazijawahi kutuishia. Lakini kuna siku utakuwa umechoka, picha ni elfu kadhaa, wakubwa wanataka kazi ifikapo Ijumaa, na kule chini mtu atakuwa ameandika kwenye kisanduku neno usilolijua. Huenda Kiingereza chake kibovu. Huenda ni mzee kama mimi. Mjibu wewe mwenyewe, umuulize lina maana gani. Ukimwambia afuate mwongozo atafuata, naye atawafundisha wengine, na wala hutajua. Sina zaidi ya hilo, na hata hilo nimelijua nimechelewa.

Sasa lile la pili.

Siku ile kwa Ndeshi nilimwambia nitaiuza kompyuta nimpe pesa zote kwa mkupuo. Nilikuwa namaanisha. Alitikisa kichwa. Akasema, "Mwache asome nayo. Lakini ajue ni ya nani."

Niliahidi kukuambia wiki ileile. Umekuja nyumbani mara nne tangu siku hiyo. Umeingia kwake kila mara, umekula ndizi zake, umemwonyesha picha za mahafali kwenye kioo cha kompyuta ileile, naye akakupongeza bila kuligusia jambo hilo. Kisha ananiangalia mimi. Niliogopa utaniona tofauti, Aika. Ni hilo tu. Wewe ndiwe mtu pekee katika nyumba hii aliyekuwa akinicheka kwa upendo, na sikutaka uache.

Lile jani hajalitupa. Amelichomeka ukutani karibu na mlango wa nyumba ya wazee, limekauka limekuwa la kahawia, na fundo bado limefungwa. Nikipanda kumpelekea pesa naliona. Hajawahi kulitaja na mimi sijawahi kuuliza.

Kesho kabla hatujashuka stendi utapita kumuaga. Atakuwa ameshaamka, anakamua. Mimi nitabaki hapa chini kwenye masale na begi lako. Mpe shikamoo kama siku zote, kisha mwambie umejua. Usimwombee baba yako chochote.

Kompyuta nimeitoa katikati ya kanga nikaiweka mezani, uibebe mkononi unapopanda kwake. Akikuambia uende nayo, hapo ndipo itakuwa yako.

Ni mimi baba yako, nakupenda sana, na hilo nalo nilipaswa kulisema mapema.